Mistari Saba

Vijana wa sasa hawaijui stensili, kwa hiyo itabidi nianze na hiyo. Ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaivisha kwenye taipureta, unazima utepe wa wino ili herufi zigonge nta tupu, na kila herufi inapogonga inatoboa. Kisha unaivika kwenye ngoma ya mashine ya kudurufu, unazungusha mpini, wino unapenya matunduni, na karatasi zinatoka upande wa pili zikiwa bado mbichi. Herufi "o" ukiigonga kwa nguvu inakatika kabisa na kuacha doa jeusi, ndiyo maana mpiga chapa mzuri ana kidole chepesi kwenye "o" na kizito kwenye "m". Ukikosea, kuna dawa ya kufutia, nyekundu, kwenye kichupa chenye brashi, inanuka kama rangi ya kucha. Unapaka, unapuliza, ikikauka matundu yamezibika, unagonga upya juu yake.

Au hugongi. Unapaka unaacha hivyo hivyo, na karatasi inatoka na pengo jeupe.

Pengo nililoliacha mimi lilikuwa la mistari saba. Ilikuwa Machi 1977, mwezi mmoja tu tangu TANU na Afro-Shirazi viungane kuwa CCM, nami nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma Dar es Salaam, nina miaka ishirini na mitano, nimepanga chumba Magomeni na mdogo wangu. Mistari hiyo ilikuwa ya Karl Marx na Friedrich Engels. Aliyeniagiza niifute alikuwa mtu ambaye, kati ya wote niliowahi kukutana nao, ndiye aliyepiga kelele zaidi kwamba mawazo ya asili ya ukomunisti hayaguswi.

Kikundi chetu cha kusoma nilikiingia kwa mlango wa kazi. Kijana mmoja wa Mlimani, chuo kikuu, alikuja kuuliza kama ninaweza kuwapigia chapa makaratasi yao Jumamosi mchana, ofisi ikishafungwa. Hela hawakuwa nazo. Akasema badala ya hela nije nisome nao. Nilicheka, halafu nikaenda. Tulikuwa kumi na mmoja: wanafunzi wanne wa chuo kikuu, mwalimu wa shule ya msingi, mafundi wawili wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, mhudumu wa hospitali, karani wa bandari, mimi, na Katibu. Tulikutana Jumapili asubuhi, saa za watu kwenda kanisani, kwenye chumba cha mwalimu. Saa hizo hazikuchaguliwa kwa bahati. Wanafunzi walirithi desturi hiyo kwa waliowatangulia Mlimani, wale wa jarida la Cheche, ambao nao madarasa yao ya itikadi yalikuwa Jumapili. Cheche lilianza 1969 na kupigwa marufuku mwishoni mwa 1970 pamoja na umoja wa wanafunzi waliolitoa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lenyewe lilitoka Urusi, kwenye gazeti la Lenin, wakati nchi yetu ina itikadi yake. Sisi tulilisimulia jambo hilo kama Waislamu wanavyosimulia Hijra.

Katibu alikuwa mwaka wa tatu, mwembamba, suti yake ya chuenlai ya kijivu imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Nasema kweli: alikuwa mwalimu mzuri. Alinifundisha kuuliza swali ambalo sijaliacha hadi leo, kwamba sheria hii, bei hii, hotuba hii, inamfaa nani. Na alikuwa na subira na sisi tusiojua Kiingereza cha vitabuni. Tuliwahi kukaa Jumapili mbili nzima kwa sababu ya neno moja, lile la watu wasio na mali ila nguvu zao. Wanafunzi walitaka "makabwela". Fundi mmoja wa Urafiki akakataa kata kata. "Kabwela ni mtu aliyechoka, hana mbele wala nyuma," akasema. "Mimi nina mashine ishirini na nne zinaningoja. Mimi mfanyakazi." Mwalimu akaleta "wavujajasho", mhudumu wa hospitali akauliza kama mkulima naye havuji jasho. Hatukuelewana. Katika stensili zangu utakuta yote matatu, inategemea nani alitafsiri wiki ile. Kwa "mabwanyenye" hatukugombana hata kidogo, kila mtu alikuwa na wake kichwani.

Na neno lililotuuma kuliko yote lilikuwa "warekebishaji", yaani watu wanaodaiwa kuyabadili mafundisho ya asili ya Marx huku wakijiita wafuasi wake.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana ukisikia leo watu wazima walikatana urafiki kwa neno hilo utadhani ni utoto. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi wa Warusi, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chake Moscow, milango imefungwa, akamvua nguo Stalin aliyekwisha kufa. Hilo la Stalin ndilo lililovuma. Lakini Wachina waliona mengine kwenye mkutano ule ule: kwamba sasa nchi za kijamaa zitaishi kwa amani na ubeberu, kwamba ujamaa unaweza kuingia kwa njia ya bunge bila mapinduzi. Mwaka 1960 Warusi wakawaondoa wataalamu wao zaidi ya 1,000 kutoka China, michoro ya viwanda ikafungwa mkobani ikaenda nayo. Mwaka 1961 Moscow ikatangaza kwamba dola yao si tena dola ya wafanyakazi, ni dola ya umma mzima, na kwamba ifikapo 1980 misingi ya ukomunisti itakuwa imekamilika. Chou En-lai, waziri mkuu wa China, alikuwa ukumbini. Alikwenda kuweka shada kwenye kaburi la Stalin, akaondoka kabla mkutano haujaisha. Juni 1963 chama cha China kikawaandikia Warusi barua ndefu ya hoja 25, wakajibizana hadharani mwaka mzima, na tangu hapo kila chama cha kikomunisti duniani kikalazimika kuchagua, au kikapasuka katikati.

Katibu alilifafanua hivi. Dola, alisema, ni rungu. Rungu lina mshikaji na lina mpigwaji. Akija mtu akakwambia rungu hili ni la wote, mpigwaji na mshikaji, ujue huyo ndiye aliyelishika. Nilikuwa nafanya kazi kwenye shirika lililoitwa la umma, lenye meneja aliyepelekwa sokoni na dereva wa shirika kumnunulia mke wake samaki. Sikuhitaji maelezo zaidi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kutuambia kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na majivuno, dharau wala uonevu, na miaka miwili iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliunyanyua Mwongozo huo juu na kuwatoa mameneja wao nje ya geti. Kwa hiyo hoja kwamba maneno mazuri yanaweza kubaki ukutani huku kinachofanyika ofisini kimebadilika, kwangu haikuwa ya Moscow wala ya Peking, Beijing ya leo. Ilikuwa ya ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

Kwa ukaribu wa nchi yetu na China, upande wetu ulikuwa dhahiri. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860, ilikuwa ndiyo kwanza imekabidhiwa, Julai 1976. Mafundi wetu wawili walifundishwa kazi na Wachina ambao walikula wali kwenye sufuria moja nao. Redio Peking tuliisikiliza kwa Kiswahili. Halafu Septemba 1976 Mwenyekiti Mao akafa, na Oktoba mkewe na wenzake watatu wakakamatwa, wale wale ambao kwa miaka kumi waliongoza vita dhidi ya warekebishaji. Sauti ile ile ya redio iliyokuwa ikiwasifu sasa ikawaita wasaliti. Jumapili ile hakuna aliyejua aanzie wapi. Mwalimu alichemsha chai mara tatu.

Ndipo Katibu akatoa shauri ambalo bado naliona la busara. Alisema maji yakichafuka mtoni, unapanda hadi kwenye chemchemi. Tuache majarida, tusome Ilani ya Chama cha Kikomunisti ya 1848, kipande kwa kipande, kwa Kiswahili chetu. Kazi ya kutafsiri ikagawanywa. Sehemu za mwanzo akachukua yeye. Dibaji ya 1872, ile ambayo wazee wenyewe, Marx na Engels, waliiandika karibu miaka ishirini na tano baadaye, ikapewa mwanafunzi mmoja wa sheria, kijana mpole aliyekuwa na mwandiko wa kike.

Niliipiga chapa Jumamosi. Watu hudhani mpiga chapa anasoma. Hasomi, vidole ndivyo vinavyosoma, kichwa kiko kwenye basi la UDA na mchele wa jioni. Nilikuwa nimeshamaliza karatasi ya kwanza ya mswada, nimeiingiza stensili ya pili, Katibu akaja kuona kazi inaendaje. Akaichukua stensili iliyokwisha, akainyanyua dirishani dhidi ya mwanga, ndivyo inavyosomwa. Akakaa kimya muda mrefu.

"Dada, hapa pafute," akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Pafute kuanzia hapa mpaka hapa."

Nikaisogeza nami dirishani. Kwa mara ya kwanza nikasoma nilichopiga. Wazee walikuwa wanasema kwamba misingi ya jumla ya Ilani bado ni sahihi, ila hapa na pale pangeweza kuboreshwa. Kwamba namna ya kuitumia itategemea hali ya kila mahali na kila wakati. Kwamba zile hatua zilizoorodheshwa mwishoni mwa sehemu ya pili zisipewe uzito wa pekee, na kama ingekuwa leo wangeziandika vingine kabisa. Kwamba mambo fulani yamechakaa. Na kwamba Komyuni ya Paris, ile serikali ya wafanyakazi ya 1871, ilionyesha jambo moja zaidi: wafanyakazi hawawezi kuichukua tu mashine ya dola iliyokwisha tengenezwa na kuiendesha kwa faida yao.

"Sasa si ndivyo walivyoandika?" nikauliza.

"Ndivyo walivyoandika. Lakini watu wetu bado wachanga. Ukimwambia mtu leo kwamba Marx mwenyewe kasema hapa pamechakaa, kesho atakuja na Khrushchev mfukoni." Akaichukua karatasi ya mwisho ya mswada iliyokuwa haijapigwa, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa chuenlai. "Hii nayo haina haja."

Nilipaka. Mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, napuliza, napaka, harufu ile imejaa chumba. Katibu alitaka nizibe pengo, nivute maneno ya chini yaje juu. Nikamweleza kwamba stensili haivutwi. Ingebidi kupiga ukurasa wote upya, na stensili iliyobaki ilikuwa moja tu, ya kuiba kwa mwajiri, sawa na nyingine zote. Akasema basi, liache.

Jumapili nikagawa nakala. Watu kumi walishika karatasi yenye shimo jeupe katikati pana kama kiganja, na tisa kati yao walisoma wakaruka, kama mtu anavyoruka dimbwi bila kuliangalia. Karani wa bandari peke yake akaweka kidole pale.

"Dada, hapa palikuwa na nini?"

Nikasema stensili ilichanika.

Sitaki kuipamba. Nilikuwa na nafasi ya kusema chochote, hata kukaa kimya, nikasema uongo wa kitaalamu ambao hakuna mwingine chumbani angeweza kuupinga, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua stensili. Hata haikunigharimu jasho.

Yule Kaka, nitamwita hivyo tu, alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, karibu miaka arobaini, mtu wa Lindi, mkimya, anayesikiliza akiwa amefumba macho. Bandarini alikuwa anaandika mizigo inayoshuka na inayopanda, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuona kilichopungua. Wiki mbili baadaye akaja na kijitabu cha Kiingereza, jalada jekundu, cha kuchapishwa Moscow, vile vilivyouzwa mjini kwa bei ya soda. Akasimama akasema, ndugu zangu, nimekipata kipande kilichochanika.

Alisoma kwa shida, akitafsiri mwenyewe neno kwa neno. Alipofika kwenye "pamechakaa" Katibu akamkata. Hicho ni kitabu cha Moscow, akasema. Warekebishaji wamekichezea, wamemlisha Marx maneno yao. Kaka akasema tafadhali, niache nimalize, mbele kuna jambo. Hakuachwa. Mmoja wa wanafunzi akamtaka aeleze kwanza alikipata wapi na kwa nani. Mwingine akamkumbusha ni nani anayempa Amin silaha, na kweli ilikuwa Moscow. Hapo Kaka akafumbua macho. Akauliza: na Angola?

Chumba kikaingia baridi. Dar es Salaam ilikuwa nyumbani kwa wapigania uhuru wa kusini yote, tuliwajua watu wa MPLA, chama cha ukombozi cha Angola, kwa sura. Mwaka 1975, Angola ilipokaribia uhuru, Peking iliwaunga mkono mahasimu wa MPLA kwa kuwa MPLA ilisaidiwa na Moscow. Mahasimu hao hao walikuwa wanasaidiwa na Marekani, na jeshi la makaburu likavuka mpaka kuja kuwapigania. Wachina walijitoa dakika za mwisho, lakini picha ilikuwa imeshapigwa. Serikali yetu wenyewe, rafiki wa China, iliitambua MPLA. Kikundini hatukuwahi kulizungumza. Kaka akasema kwa sauti ile ile ya kusoma mizigo: "Mimi sijui nani mrekebishaji. Ninaona tu mtu anayelinda maneno ya mwanzo kwa nguvu zote, halafu anajikuta kambi moja na Pretoria. Nauliza njia aliyopita."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mle ndani. Hakujibiwa. Ikapigwa kura ya kumtoa kwa kosa la kueneza fikra za urekebishaji. Mikono ikanyanyuliwa. Mafundi wa Urafiki waliangalia sakafu, hawakunyanyua. Mwanafunzi wa sheria, aliyetafsiri mistari ile kwa mkono wake mwenyewe, alinyanyua. Nami nilinyanyua.

Kaka alikunja kijitabu chake, akashukuru kwa chai, akatoka. Viatu vyake alivikosa kwanza mlangoni, akavaa cha mwenzake mguu mmoja, akarudi kubadilisha. Hakuna aliyecheka.

Kikundi hakikufika mbali. Mwaka ule ule wa 1977 Albania ilianza kuwasema Wachina hadharani, kwamba nadharia yao ya dunia tatu ndiyo urekebishaji wenyewe. Mwaka 1978 China ikakata misaada yake yote kwa Albania. Katibu akawa anaitega redio ya Tirana usiku, ya Kiingereza, anakuja Jumapili na macho mekundu. Wawili wakamfuata, wawili wakabaki na Peking, na Desemba Peking nayo ikageuza gari kuelekea soko chini ya Teng Hsiao-ping. Sisi wengine tulikuwa tumeshashikwa na vita ya Kagera na foleni ya unga. Tulianza kumi na mmoja na mwisho wa 1978 nilikuwa nahesabu pande nne, mojawapo ikiwa ya mtu mmoja. Ninapoyasikia makanisa ya siku hizi yanavyogawanyika huwa natabasamu peke yangu.

Miaka ya themanini nilisoma zaidi kuliko nilivyowahi kusoma kikundini, polepole, na kamusi pembeni. Nilitaka kujua huyo mrekebishaji wa kwanza ni nani. Nikamkuta Eduard Bernstein, Mjerumani, rafiki wa Engels, ambaye Engels alipokufa 1895 alikuwa miongoni mwa walioachiwa makaratasi yake. Haikupita muda akaanza kuandika kwamba utabiri fulani wa Marx haukutimia, kwamba ubepari hauelekei kuanguka kesho, na chama kikiri waziwazi kuwa ni chama cha mageuzi ya hatua kwa hatua. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi wa chama hicho hicho, alimjibu kwa ukali, na mimi kwa hoja niko na Rosa. Lakini kuna kisa kimoja kilichonifanya niweke kitabu chini. Mzee mmoja wa chama chao, Ignaz Auer, alimwandikia Bernstein barua ya kumkemea kirafiki. Alimwambia, kwa maneno mengine, kwamba mambo anayoyataka hayapitishwi kwa azimio wala hayasemwi. Hutendwa tu.

Nikaikumbuka harufu ya rangi ya kucha.

Tangu siku hiyo hasira yangu imehama. Mtu anayesimama akasema Marx alikosea hapa, mimi nitabishana naye mpaka jua lizame, lakini simwogopi. Ninayemwogopa ni yule mwenye brashi. Katibu alikuwa na brashi kwa nia njema, akilinda asili. Na wengine wameishika kwa nia ambayo sina haja ya kuieleza.

Maana sisi Watanzania tumekuja kuliona wenyewe, na halikuwa jambo la vikundi vya Jumapili. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na masharti ya uongozi, mafupi, hata mtoto wa darasa la nne angeyakariri: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliandika hadharani kwamba Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Aliandika kushindwa kwake kwa wino wake. Unaweza kumlaumu kwa mengi, vijiji vya ujamaa kwetu Handeni vilihamishwa kwa lori na moto, lakini pengo hakuliacha jeupe. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar na kuyalegeza masharti yale. Hisa sawa, mishahara sawa, nyumba za kupangisha sawa. Azimio la Arusha lenyewe halikutangazwa kufutwa. Katiba ya nchi hadi leo inasema nchi inafuata ujamaa na kujitegemea. Mimi wakati ule nilikuwa bado kwenye shirika lile lile, na kitu nilichokiona ni kwamba yule aliyekuwa akijenga Sinza kwa jina la shemeji akaanza kujenga kwa jina lake. Nilimwuliza mhasibu wetu ni lini tuliacha ujamaa. Akasema, "Mama, nani kakwambia tumeacha?"

Shirika likauzwa, nikapunguzwa kazini 1994 na kiinua mgongo kilichotosha kompyuta moja ya mtumba na printa. Nikafungua kibanda cha steshenari karibu na chuo. Napiga chapa, natoa kopi, nauza kalamu na vocha. Kompyuta kwa kufuta ni hatari kuliko stensili, ukifuta maneno yanasogea yenyewe, pengo halionekani.

Mwaka juzi binti mmoja aliniletea tasnifu yake ya historia, ameiandika kwa mkono nusu, nusu kwenye simu. Kurasa za mwisho nilikutana na dibaji ya 1872, ameitafsiri mwenyewe, Kiswahili chake kizuri kuliko chetu. Safari hii vidole vilingoja kichwa. Nilipita "pangeweza kuboreshwa", nikapita "pamechakaa", nikapita Komyuni ya Paris, ambayo siku hizi najua kwamba ndiyo sentensi aliyoisimamia Lenin mwaka 1917 kuwakataa waliotaka njia ya bunge. Kwa maneno mengine, siku ile Katibu aliniagiza nimfutie silaha yake mwenyewe iliyo kali kuliko zote. Kisha nikafika nisikowahi kufika, kwenye karatasi ile iliyokunjwa mara nne. Wazee, wakishakiri yaliyochakaa, wanasema kwamba hata hivyo Ilani imekwisha kuwa hati ya kihistoria, na wao wenyewe hawana tena haki ya kuibadilisha.

Nilisimamisha mikono. Hilo ndilo jambo lililokuwa mbele, ambalo Kaka aliomba aachwe afike. Katibu angelisoma kwa sauti angeshinda mjadala bila kumfukuza mtu.

Kaka alifariki kwao Lindi mwaka 2003. Nilikuwa nimemwona mara moja tu kati ya hapo, kwenye foleni ya benki, akaniamkia vizuri kama dada yake. Sikumwambia habari ya stensili. Nilisema mvua imechelewa mwaka huu, naye akakubali kwamba imechelewa.

Binti alirudi saa kumi kuchukua kazi yake. Akahesabu kurasa, akanuna.

"Bibi, zimezidi tatu. Mwalimu wetu hataki zizidi. Nipunguzie hiyo dibaji, weka nukta nukta tu, anajua."

"Punguza kwingine," nikamwambia.

"Kwingine wapi, Bibi?"

Nikavuta kiti cha pili, nikamkalisha, tukaanza kutafuta.